Michi Miwili, Kinu Kimoja

Mimi nauza nguo, na mwanangu havumilii nguo. Nianzie hapo, kwa sababu ndipo wateja wangu wanapopenda kuanzia. Nina meza ya mitumba ya watoto Mkuyuni, nguo zimepangwa kwa umri, na chini ya meza hiyo alikuwa akikaa binti yangu, amevaa gauni lililogeuzwa ndani nje. Nimekata lebo, nimefumua hata uzi ulioishika lebo, na bado analia kwamba linamng'ata. Mteja anainama, anamwona, anatazama mali yangu, kisha anasema, "Mganga hajigangi." Nikawa nawajibu kwamba huyo ndiye mkaguzi wa ubora, na mpaka sasa hajapitisha hata moja.

Naandika kwa ajili ya mzazi aliyekaa kwenye benchi la hospitali wiki hii, ana kadi mkononi na mtoto sakafuni. Mambo ya kitaalamu sitayagusa. Wapo waliosomea. Nitasema nilichoona, na nilipokosea nitasema nilikosea, maana kosa langu nililinunua kwa jumla na sitaki ulinunue tena kwa rejareja.

Nina tabia ya kuhesabu kila kitu mara mbili. Mungu naye sijui alisikia nini, akanipa mapacha. Kulwa alitangulia, Doto akamfuata baada ya dakika kumi na nne. Kwa hiyo kwa haki yangu mimi ni Mama Kulwa, na ndivyo soko zima lilivyoniita mwanzoni. Lakini watoto walivyoendelea kukua, watu wakahamia kwa Mama Doto mmoja mmoja, bila kuniuliza. Doto ndiye aliyekuwa akiwaamkia. Doto ndiye aliyekuwa akitumwa chenji. Mtu aliyekuwa amebaki na Mama Kulwa ni mama mkwe wangu peke yake, ng'ambo ya ziwa, Sengerema, na yeye aliniita Mama Kurwa, kwa sababu ni Mjita, na kwake l na r ni ndugu wanaoazimana nguo.

Nilimfanya Doto kuwa jiwe la mzani. Doto alikaa akiwa na miezi sita, Kulwa kumi na mmoja. Doto alitembea kabla ya mwaka kwisha, Kulwa karibu miaka miwili, tena kwa ncha za vidole kama mtu anayevuka changarawe ya moto. Ngazi moja tuliyo nayo mlangoni Doto aliizoea kwa siku mbili, Kulwa alianguka hapo kila asubuhi kama vile imewekwa usiku. Alikumbatia wenzake mpaka wakalia. Kikombe alikishika kwa nguvu ya kukamua ng'ombe, chai ikamwagika, na chai yenyewe ikiwa ya moto hakusema kitu. Lakini mtu akimgusa bega kwa kidole kimoja, analia kama amechomwa.

Mtaa ulimwita goigoi. Baba yao, Elias, ni fundi wa injini za mitumbwi. Si mtu mbaya, ila ukimletea kitu kilichoharibika anataka umwonyeshe kifaa kilichokatika, na kwa Kulwa hakuna aliyekiona. Kwa hiyo akasema, "Huyu anadeka, na wewe unamlea hivyo." Tulilala na neno hilo katikati yetu miaka mitatu hivi.

Januari wakaanza darasa la kwanza. Wiki ya tatu mwalimu wao akaniita. Ni mama mtulivu, mwenye watoto wengi kuliko madawati, na hakunigombeza. Alisema Kulwa anaanguka kutoka kwenye dawati akiwa amekaa tu, anatafuna penseli, anasukuma wenzake, na Doto anaandika daftari mbili ili dada yake asionekane. "Doto anafanya kazi ya watu wawili," akasema. "Nikiacha hivi nitawapoteza wote." Ipo shule ya bweni yenye kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu, mkoa mwingine. Angeweza kuandika barua.

Mtoto wa miaka sita ambaye hawezi kulala bila mguu wa dada yake kuwa juu yake, aende bweni. Nikafanya ninachojua kufanya. Mwalimu alisema mpaka Pasaka, nikasema mpaka Desemba, akasema mpaka shule zifunguliwe Julai. Akataka mambo mawili: Kulwa akae kipindi kimoja bila kuanguka wala kutoka, na aandike jina lake mwenyewe. Nikakubali. Nilipofika nje nikahesabu miezi, nikahesabu tena. Ilikuwa ile ile.

Nikampeleka hospitali, na kliniki ikawa kila Jumanne. Kile chumba cha kusubiria nakifahamu kuliko sebule yangu: vigae kumi na nane kwa kumi na moja, kimoja kimepasuka, nikakihesabu kama viwili kisha nikajirudi. Juu kulikuwa na feni inayolia kama kuku anayetaga. Kulwa aliingia chini ya benchi, akaziba masikio, akaanza kupiga kichwa kwenye mguu wa benchi polepole, na akina mama wengine wakanitazama kwa ile huruma inayosogeza mkoba. Mama mmoja mfagizi akaja na ndoo yake, akamtazama Kulwa, akaitazama feni, akaizima. Mzee mmoja akalalamika joto. Akamjibu, "Nakausha sakafu, baba." Sakafu ilikuwa kavu. Kila Jumanne baada ya hapo, tulipotokea mlangoni, sakafu ilihitaji kukaushwa. Jina lake sikuwahi kulijua, na katika safari ile nzima sijui kama kuna dawa iliyonisaidia kuliko kile kidole chake kwenye swichi.

Mtaalamu wa tiba kwa vitendo alikuwa kijana wa Kihaya, Mugisha. Mimi nilimwita Daktari, yeye akanisahihisha kila mara, mimi nikarudia kila mara, mpaka tukazoeana. Alimlaza Kulwa kwenye blanketi, akamviringisha kama chapati, akambinyabinya kwa mto kuanzia mabegani mpaka miguuni. Nikajiandaa kwa kilio. Kulwa akashusha pumzi ndefu, ya mtu aliyetua mzigo, akatulia. Nilitazama saa ya ukutani. Dakika nne. Nilikuwa sijawahi kumwona ametulia dakika nne akiwa macho.

Alinieleza hivi, na ndilo pekee nitakalolirudia. "Mikono yako inakuambia iko wapi hata ukifumba macho. Ya Kulwa inanong'ona. Hasikii vizuri iko wapi, ndiyo maana anabana, anagonga, anaanguka." Akasema si ugonjwa wa kuambukiza wala wa kumeza vidonge ukaisha. Kisha akaandika kwenye karatasi, na katika karatasi hiyo kulikuwa na maneno ulemavu wa ujifunzaji. Baada ya hapo aliendelea kuzungumza, ila mimi nilikuwa nimeshafungiwa duka masikioni. Nilichosikia mwishoni ni, "Msimlazimishe."

Hilo ndilo nililolichukua kwa jumla.

Yeye alikuwa anazungumzia nguo na kuguswa. Mimi nikaelewa kila kitu. Nikamvisha, nikamfunga vifungo vyote vinne, nikamlisha, nikamkusanyia vitu vyake, nikambeba mgongoni kutoka nyumbani mpaka sokoni, mtoto wa kilo ishirini na moja, masika inanyesha, matope mpaka kwenye ugoko. Magoti yangu yakaanza kugonga kama bawaba. Kila jioni nikamviringisha kwenye blanketi kama nilivyoonyeshwa, na hapo nikajiona mzazi bora katika kata nzima. Doto alipoleta maji, Kulwa alikaa. Doto alipofagia, Kulwa alikaa. Nilipojaribu vifungo mwezi Machi, kumpima tu, tukapatana kimoja, akashindwa hata hicho. Alivitazama vidole vyake kama vya mtu mwingine.

Pasaka shule zilipofungwa kidogo, nilikuwa na mzigo mpya wa kufungua. Elias akawachukua watoto akavuka nao kivuko cha Kamanga, akawaacha kwa mama yake Sengerema. Nikawafuata siku ya tano.

Nilisikia kabla sijaona: kinu kinatwangwa, lakini mapigo yanakwenda kama kilema. Uani alikuwa Doto upande mmoja na Kulwa upande wa pili, kila mmoja na mchi, na mama mkwe amekaa kwenye kigoda anachekecha unga wa udaga, ile mihogo iliyovundikwa ikakaushwa. Unajua wanawake wawili wanavyotwanga katika kinu kimoja: wa kwanza anashusha, wa pili anainua, hakuna anayemgonga mwenzake. Kulwa alikuwa anashusha wakati wowote ulipomjia. Michi inagongana, Doto anaruka nyuma, vipande vya udaga vinaruka, kuku wanaokota. Nikamshika Kulwa mikono, nikaigeuza. Malengelenge matatu kulia, mawili kushoto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Toka hapo, unakanyaga udaga wangu."

"Mama, huyu mtoto ana matatizo. Ana karatasi ya hospitali."

"Karatasi imesema hana mikono?"

"Imesema ni mlemavu."

Akaacha kuchekecha. "Mama Kurwa, mapacha hawapunjwi. Ulichompa huyu unampa na yule, hata kama ni kiboko. Nikimpa Doto mchi nikamnyima Kurwa, nitakuwa nimemwambia nini?"

Nilimjibu maneno ambayo sitayaandika, kwa sababu ningali mkwe wake. Mchana ule ule nikawachukua watoto. Kivukoni Kulwa aliligomea lile daraja la chuma la kupandia, kama kawaida yake, nikambeba. Mgongoni kwangu akawa ananipiga begani kwa ngumi, taratibu, kitu kama mapigo. Nilidhani ni hasira.

Jumanne nilimpeleka kliniki kama mtu anayepeleka ushahidi. Nilitaka Mugisha aandike barua ya kumkataza mama mkwe. Nikaifungua mikono ya mtoto mbele yake. Akaitazama, akaguna, akampa Kulwa shati la mazoezi lenye vifungo vikubwa, na wakati mimi naendelea kushtaki, Kulwa akafunga kifungo. Akafunga cha pili. Cha tatu kikamshinda, akakitazama, akakirudia.

Nikavihesabu vilivyofungwa, nikavihesabu tena: viwili.

"Nani alifikiria kutwanga?" Mugisha akauliza.

"Hakuna aliyefikiria. Ni mama mkwe."

"Kulwa ameacha lini?"

"Nilimwachisha Ijumaa."

Akavua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyokuwa chafu. Akasema kwa upole kwamba siku ya kwanza aliniambia mambo mawili, msimlazimishe kugusa asichotaka, na mpeni kazi za uzito, abebe, avute, asukume, kwa sababu uzito ndio unaoifanya mikono iseme kwa sauti. "Uliondoka na moja," akasema. "Mrudishe kwa bibi yake."

Akaongeza masharti, na haya yachukue: mchi uwe mfupi kwa kimo chake, pa kushika pafungwe kitambaa anachokipenda yeye, na aachishwe kabla hajachoka, si baada.

Kumwomba radhi mama mkwe ni biashara isiyo na faida, lakini nilivuka. Nilikuwa nimemchagulia sweta, la kwanza kutoka kwenye balo la mitumba, sufu safi. Alilipapasa mkono wa kushoto, akapapasa wa kulia, akaligeuza.

"Lina tundu," akasema.

"Wapi, mama?"

"Sijaliona bado. Lazima lipo."

Nikamwambia daktari amesema yeye yuko sahihi na mimi nimekosea. Akaniomba nirudie, sikio moja halisikii vizuri. Nikarudia. Sikio la pili nalo likawa na shida siku hiyo. Mara ya tatu nikamwomba aniazime kinu. Akasema kinu chake hakitoki bila mwenyewe. Basi kikaja na mwenyewe.

Siku ya kuvuka, Kulwa alisimama tena mbele ya lile daraja la chuma linalotetemeka, miguu imekufa ganzi, watu nyuma wanasonya. Nikainama ili apande mgongoni. Mama mkwe akanisukuma pembeni kwa kiuno, akachukua mchi, akautia begani kwa Kulwa. "Beba, uninusuru mgongo," akamwambia. Kulwa akayumba, akautazama mchi, akaanza kutembea. Alivuka kwa nyayo nzima. Mimi nilibaki nimeinama pale kama niliyedondosha kitu.

Miezi ile miwili nyumba yetu ilikuwa na watu watano, vyumba viwili na maoni sita. Mwenye nyumba alilalamika sauti, mama mkwe akamtumia ugali, akapoa. Elias aliangalia siku tatu. Siku ya nne akarudi na kasia lililovunjika, akalikata, akalipiga randa, akalifanya mchi wa kimo cha Kulwa, akaulizia kitambaa. Kulwa akachagua chini ya meza yangu kipande cha taulo kuukuu. Neno kudeka halikutajwa tena. Hakuomba msamaha, ni mwanamume wa injini, lakini kila Jumamosi aliukagua ule mchi kama unakwenda safari ya mbali.

Mwanzo waliagizwa hivi: Kulwa anasema moja, anashusha, Doto anasema mbili, anashusha. Kulwa alisema moja akashusha kwenye mbili. Alisema mbili akashusha juu ya mchi wa Doto. Doto alipoteza kucha ya dole gumba na hakulia, alisema tu, "Bibi, huyu hesabu yake ni ya Mama." Mchele mpya ulipoanza kuja sokoni kutoka mashambani, walifikisha mapigo sita bila kugongana. Nilihesabu mara mbili, maana sikuamini: sita. Kisha kumi na moja. Viganja vya Kulwa vikawa vigumu, mabega yakakaa mahali pake, na kisigino kikaanza kugusa ardhi, kwanza cha kulia.

Usidhani ilikwenda kama ngazi. Juni alipata malaria, akalala wiki nzima, na alipoamka tukawa tumerudi Februari: chini ya meza, masikio yamezibwa, mchi ameutupa kwa jirani. Nilikaa naye pale chini, kati ya masanduku, nikalia kidogo kwa sauti ya chini ili nisiharibu biashara. Mama mkwe akainama akatuona wote wawili. "Mkimaliza, kuna udaga," akasema. Tulimaliza kesho kutwa yake.

Julai shule zikafunguliwa. Mwalimu alitaka kipindi kimoja. Nilimwomba kitu kimoja, nikakiombea kama roho yangu: kabla ya kengele, Kulwa na Doto wachote maji ya kumwagilia maua, ndoo moja kila mtu. Akaniangalia kama ninayemwongezea bei dakika ya mwisho, akakubali. Mimi nikasimama nje ya dirisha, na niliambiwa nisionekane, kwa hiyo nilionekana nusu.

Alibeba ndoo. Akaingia, akakaa. Alichezesha miguu, akabana mikono katikati ya magoti, mara moja akainuka nusu, akakaa tena. Kengele ikalia na bado yumo dawatini. Kisha mwalimu akampa penseli na karatasi. Akaandika muda mrefu, ulimi nje, herufi zimelewa, nyingine zinaegemeana. Mwalimu akaja nayo dirishani.

"Ameandika KURWA," akasema. "Kwenye rejista yangu ni Kulwa."

Miezi sita, na tumefika kwenye herufi moja ya mama mkwe wangu.

"Mwalimu," nikasema, "ulisema aandike jina lake. Huyo aliyemfundisha kushika mchi anamwita Kurwa. Mtoto ameandika alivyosikia. Hesabu herufi."

Akahesabu kwa kidole. "Tano."

"Hesabu tena."

Hakuhesabu tena. Alicheka bila sauti, akaikunja ile karatasi akaitia kwenye rejista. Akasema barua ya bweni hataiandika mwaka huu, kwamba Kulwa atakaa mbele, atakwenda polepole kuliko wenzake na huenda atakwenda hivyo siku zote, na kwamba maji ya maua ni kazi yake kila asubuhi. Nilikuwa nimeshageuka nisione aibu ya macho yangu aliponiita. "Mama Kulwa," akasema, "hiyo r tutaishughulikia."

Sasa vuli imeanza na wale wadudu wa ziwani wanapanda angani kama moshi. Mama mkwe amerudi kwake na sweta lake, ambalo anasema bado analichunguza. Kinu amekiacha. Lebo bado nakata. Kliniki tunakwenda mara moja kwa mwezi, mfagizi bado anakausha sakafu. Kulwa anasoma silabi, Doto anasoma vitabu, na ule mzani nimeutupa, ingawa nakiri kuna siku natafuta mahali nilipoutupa.

Jumamosi iliyopita Doto alikuwa na homa kidogo, nikashika mchi wake. Kulwa akasimama mbele yangu na wake wa kasia, miguu imepanuka, nyayo zote chini. Akasema moja, akashusha. Mimi nikasema mbili moyoni, nikairudia kuhakikisha, nikashusha. Michi ikagongana, mkono wangu ukafa ganzi mpaka kwenye kiwiko.

Aliusubiri mchi wangu utulie.

"Mama," akasema, "unahesabu mara mbili. Hesabu mara moja, halafu ushushe."